Vyuma vya Shangazi Apolina

Shangazi Apolina tulimzika mjini Baraka mwaka huu, wakati wa mvua, udongo ukiwa laini kiasi kwamba wachimbaji walimaliza mapema wakakaa kusubiri jeneza. Nilitoka Bukavu, nikalala Uvira, nikafika wakati uwanja umeshajaa mikeka. Nilikaa kati ya wanawake, miguu nimeinyoosha, kitenge nimejifunika kichwani, na nyuma yangu wamama wawili walikuwa wakinong'ona wakidhani siwasikii. "Ule ni nani, mwenye kuvaa miwani?" "Mutoto wa kaka yake. Anafundishaka kule Bukavu." "Aa. Njo ule walichimbaka naye bile byuma?" "Njo ule." Wakaridhika, wakahamia habari za bei ya mihogo. Nimeolewa, nimezaa, nimefundisha watoto ambao leo wana watoto wao, lakini kwa watu wa mtaa ule mimi ni yule msichana wa vyuma, na nilipokuwa nimeketi pale nilitambua kwamba hata mimi, nikiulizwa ghafla Shangazi alikuwa nani kwangu, ningeanza na vyuma vile.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za wazazi wangu, na za kambi tuliyoishi ng'ambo ya ziwa upande wa Kigoma, nitaziacha. Wengi wamezisimulia na zetu hazikuwa tofauti. Inatosha kusema kwamba bunduki ziliponyamaza kidogo na watu wakaanza kuvushwa kurudi kwao, baba yangu aliogopa, dada yake hakuogopa. Shangazi hakuwa na mtoto. Baba akasema haiwezekani arudi peke yake kama mtu aliyetupwa, nikapewa mimi niende naye. Hakuna aliyeniuliza, wala sikutegemea kuulizwa. Kwenye meli nilitapika kutwa nzima. Shangazi alisimama ubavuni akiangalia milima ya Fizi ikitoka kwenye ukungu, na kila nilipoinua kichwa niliona midomo yake inacheza, kama anayefanya hesabu au anayesali.

Tulipokewa na Mama Zaina, jirani yake wa zamani, mjane wa Kiislamu ambaye marehemu mume wake alikuwa na mitumbwi ya biashara na wanawe waliendelea nayo. Alitupa chumba cha nyuma. Chumba kile nakiona hadi leo: godoro moja, dirisha la ubao lisilofunguka vizuri, nyavu zimening'inia ukutani, na kwenye kona mashine ya mtumbwi iliyoharibika, imelazwa chini na kufunikwa shuka kama mgonjwa. Usiku kucha kilinuka petroli na samaki. Jioni tulikula na Mama Zaina uani, bugali wa mihogo na ndagala waliokaangwa na pilipili, na siku wanawe walipopata kitu, samaki mmoja mkubwa aina ya mukeke ambaye yeye alimgawa kwa mkono, kichwa akimpa Shangazi kila mara. Wao wawili walizungumza juu ya watu. Nani alibaki, nani alivuka, nani alizikwa wapi. Mimi nilikula. Majina yale yote kwangu yalikuwa majina tu, maana niliondoka Baraka nikiwa mtoto na sikumbuki mlango mmoja wa mji ule.

Asubuhi nilikwenda ziwani kuchota maji na wasichana wa rika langu. Walinipenda kwa namna ya kunichezea. "Sifa, sema tena vile umesema jana!" Nami nikasema, "Naomba unitwishe ndoo," wakaanguka kwa kicheko, kwa sababu kwao ningesema, "Unipandishie bidon." Kiswahili changu kilikuwa kimeshakuwa cha Kigoma. Mmoja wao alinipa jina la "Mutanzania," likanishika. Kambini tulikuwa Wakongo. Kwetu nikawa Mtanzania. Nilijifunza kuchota mapema zaidi, kabla hawajafika, nikirudi na ndoo yangu nimejitwisha mwenyewe, nusu yake imemwagikia mgongoni.

Kiwanja cha Shangazi kilikuwa hatua chache tu kutoka kwa Mama Zaina. Nyumba yenyewe haikuwepo. Ilikuwa ya matofali mabichi na paa la nyasi. Paa liliungua, mvua za miaka zikayeyusha kuta, na kilichobaki kilikuwa kichuguu kirefu chenye matete juu yake. Tulifyeka, kisha tukaanza kuchimba ili tuweke msingi mpya. Hapo ndipo jembe langu lilipogonga kitu na kutoa mlio. Kilikuwa bawaba ya dirisha, imevimba kutu. Niliitupa pembeni. Shangazi akaacha jembe lake, akaenda kuiokota, akaipangusa kwa kitenge chake.

"Usitupe kintu," alisema. "Hata kimoja. Bileta hapa, tutabiangalia."

Akatandaza turubai tulilotoka nalo kambini, akaiweka bawaba ile katikati, peke yake. Tangu siku hiyo tukawa tunachimba polepole, kwa namna ambayo fundi yeyote wa nyumba angetucheka. Udongo wote Shangazi aliupitisha kwenye chekeche la kuchungia unga. Mimi nilidhani anatafuta vyuma. Kila jioni nilivichukua tulivyopata, nikavisugua kwa mchanga wa ziwa na ndimu mpaka vidole vikachubuka, nikavipanga kwenye turubai, na saa ya mchana kuinama, Mama Zaina akishamaliza kuswali alasiri, alikuja na kigoda chake. Nyuma yake wakaja majirani wengine. Wakaanza kutambua.

Sijapata kuona tena mkutano kama ule. Watu walioogopana kidogo, kwa sababu kila mmoja hakujua mwenzake alifanya nini au alipoteza nini wakati wa vita, walikaa kuzunguka turubai wakabishana juu ya kipande cha bati. Kulikuwa na rundo la vijiti vya chuma vyembamba, vimepinda, kila kimoja na kitundu mwishoni. Mzee mmoja akasema ni meno ya likembe, ala ile inayopigwa kwa vidole gumba. Mama mmoja akasema apana, ni ndoana za mushipi wa zamani. Mama Zaina akakichukua kimoja, akakizungusha, akacheka mpaka akajifunika uso. "Ni mwavuli! Apolina, ule mwavuli wako wa ndoa! Ule ulikuwa unaenda nao mu misa hata kama jua haiko!" Shangazi naye akacheka, mara ya kwanza tangu tuvuke, akasimama akaonyesha alivyokuwa akitembea na mwavuli ule, shingo imenyooka. Siku nyingine lilitoka kombe dogo la shaba lenye meno pembeni. Walikisia sana hadi Shangazi mwenyewe alipolitambua kuwa mdomo wa taa ya mafuta. Akaonyesha taa ilipokaa. "Hapa palikuwa meza. Hapa kitanda. Pale yeye na mashini yake." Kwa kila chuma alichokitambua chumba kimoja kilirudi, akawa anatembea juu ya udongo mtupu akikunja kona pasipo na kona, na majirani wakampisha kana kwamba kuta zipo.

Nilikaa pembeni na ndimu zangu. Nilikuwa nimevitoa vyuma vile kwa mikono yangu, nikavisugua, lakini sikuweza kutambua hata kimoja. Mtu hawezi kukumbuka nyumba ya mwingine. Nikitazama nyuma naona ndio upweke ulionila mwaka ule: niliwekwa katikati ya makumbusho ya watu, na kazi yangu ilikuwa kuyasafisha.

"Yeye" alikuwa Lubunga, mume wake, fundi cherehani. Habari yake niliijua kama kila mtu katika ukoo wetu. Siku risasi zilipofika mtaani, alimwambia mkewe atangulie ziwani na wenzake, yeye anafunga tu mlango, anakuja. Shangazi alingoja ufukweni hadi mwenye mtumbwi alipokataa kungoja zaidi. Wakiwa majini waliona moshi ukitoka upande wa nyumba yao. Kambini akaja mtu aliyesema nyumba ya fundi Lubunga iliungua na mwenyewe ndani. Shangazi alikaa matanga, akavaa nguo nyeusi, na wanaume walipokuja kumposa baadaye aliwajibu kwa maneno yale yale: "Bwana yangu iko mu nyumba yake." Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni nikidhani ni namna ya kusema. Mpaka siku moja nilipomwona ameshika kipande cheupe kwenye chekeche, akakiweka ulimini kuonja kama ni jiwe au mfupa. Kilikuwa jiwe. Ndipo nilipoelewa anachochekecha. Hakuwa akitafuta bawaba wala taa. Alikuja kumzika mumewe.

Tulipata miguu ya cherehani, ile ya chuma kizito yenye maua, pamoja na kikanyagio chake. Ilitubidi kuwaita wana wa Mama Zaina waiinue. Shangazi alipiga magoti akakishika kikanyagio pale unyayo wa Lubunga ulipolainisha chuma, akakaa hivyo muda mrefu, na watu wakaondoka mmoja mmoja kwa heshima. Kesho yake tukachimba kuzunguka mahali pale kutafuta kichwa cha mashine. Hakikuwepo. Wala mkasi, wala pasi ya makaa. Watu wakasema wezi, na lilikuwa jibu zuri, kwa sababu wezi walichukua hata milango ya kanisa.

Kisha tukafika mahali palipokuwa na mlango. Mimi ndiye niliyeitoa. Kufuli kubwa, nyeusi, na kwenye upinde wake zimeng'ang'ania pete mbili, ya mlango na ya fremu, zikiwa bado na misumari iliyopinda. Niliisafisha kama vitu vingine, nikaiweka kwenye turubai, nikaketi. Mama Zaina aliichukua. Aliigeuza mara moja, akavuta upinde, haukutoka. Akaigeuza tena.

"Apolina," alisema taratibu, "hii kufuli imefungwa."

"Naona."

"Ndani mulikuwa munafunga na nini?"

"Na komeo. Ule muti wa kukingama mulango."

"Basi hii ilifungiwa inje."

Majirani waliokuwepo wakatazama chini. Mimi, mjinga wa miaka kumi na tisa, nilishangilia. "Basi hakuungua, Shangazi! Alifunga mlango akatoka! Hakuwemo!" Nilidhani nimempa zawadi. Shangazi alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, akasema, "Nyamaza, Sifa," akachukua jembe lake akaingia kwa Mama Zaina. Hakula jioni ile. Nilikula na Mama Zaina peke yetu, na kichwa cha samaki hakikuguswa na mtu.

Leo mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye mwaka ule, na ninaelewa nilichokuwa nikikishangilia. Kwa miaka kumi na zaidi alikuwa mjane wa mtu aliyekufa akiwa njiani kumfuata. Kufuli ile ilimnyang'anya mtu huyo. Kama Lubunga hakufia ndani, basi alitoka, na kama alitoka, mbona hakufika ziwani? Na kichwa cha mashine, na mkasi, na pasi: vitu vitatu ambavyo fundi anahitaji ili aanze maisha mahali pengine. Hakuna aliyesema hayo mbele yake. Yalisemwa nyuma ya uzio wa matete nilipokuwa nikiosha vyombo. "Mwanaume alijiendea." "Si walikuwa hawana mutoto?" "Eh. Alipata nafasi." Nikasikia sauti ya Mama Zaina ikipanda, "Hapa kwangu hapana! Wendeni museme hiyo kwenu!" na viti vikasogezwa.

Tukaacha kuchimba. Matete yakaanza kuota tena mahali tulipofyeka. Shangazi alilala mchana amegeukia ukuta, upande wa nyavu, na mimi nikakaa mlangoni, sijui kama niingie au nitoke. Nilijaribu kumsimulia mambo ya kambini, nikampikia sombe ya majani ya mihogo alivyopenda, yenye mafuta ya ngazi, yaani mawese, na karanga. Alikula vijiko viwili akasema aksanti. Yeye ndiye mtu pekee niliyekuwa naye upande ule wa ziwa, na alikuwa ameondoka akiwa amelala kando yangu. Kuna siku nilikwenda hadi ufukweni mahali zinapoegeshwa boti za Kigoma, nikamuuliza mwana wa Mama Zaina kama naweza kurudi nao. Akasema naweza. Nikarudi kufungasha nguo zangu, nikamkuta Shangazi amekaa kwenye godoro, amefunga kilemba, amevaa viatu.

"Kesho tunapanda Fizi," alisema. "Ni siku ya soko. Kama muntu alikimbia na mashini, alienda kushona. Na kama alienda kushona, batelere wengine, bafundi benzake, bamemuona."

Tulipanda kwenye lori la wafanyabiashara, juu ya magunia, barabara ikizunguka mlima hadi ziwa likawa chini kama bati. Fizi kulikuwa na baridi. Watu walivaa makoti, wanafunzi walipita na sare zao, na mbele ya ofisi za territoire, yaani za wilaya, kulikuwa na foleni ya watu wenye karatasi mikononi. Mafundi cherehani walikaa safu moja kwenye baraza ya duka refu. Nilidhani Shangazi ataanza kuuliza jina. Hakuuliza. Alipita polepole mbele ya kila fundi, mikono nyuma, na nikaona haangalii nyuso zao. Anaangalia mashine. Ya kwanza akaiacha. Ya pili, ya tatu. Mbele ya mmoja, mwanaume kijana mwenye kidevu kirefu aliyekuwa akishona sare ya shule, alisimama. Mashine ile ilifungwa kwenye meza mpya ya mbao nyeupe. Maua yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika upande mmoja, pale mkono wa kushoto unapoegemea, na kwenye gurudumu palikuwa na kiraka cha shaba kilichopigwa kwa misumari midogo. Shangazi akanyoosha kidole, akagusa kile kiraka.

"Hii gurudumu ilivunjika," alisema.

Fundi akainua kichwa. "Eh, mama. Zamani. Kabla ya miye."

"Ilianguka mu sakafu. Ni nani alitengeneza?"

"Mwalimu wangu. Ni mashini yake. Fundi Lubunga. Yeye njo alinifundishaka hii kazi." Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "We ni nani yake, mama?"

Shangazi akaondoa kidole kwenye kiraka. "Miye ni ndugu yake," alisema.

Kijana huyo, aliyeitwa Wilondja, akatutolea benchi. Aliagiza chai na mandazi, akatusimulia kwa moyo mweupe, kama mtu anayewapa ndugu wa marehemu haki yao. Alisema mwalimu wake alifika Fizi kwa miguu, mashine kichwani, nguo zimechanika. Siku ile ya vita alikawia nyumbani akifungua mashine kwenye meza yake, skrubu zilikuwa zimeshika. Alipofunga mlango na kutoka, watu wenye bunduki walikuwa wameshakata njia ya ziwani, ikabidi akimbilie milimani na wengine. "Bibi yake alikuwa ametangulia. Alikuwa anamungoja kule ku maji." Wilondja akapuliza chai yake. "Kisha watu bakakuja kusema ule mutumbwi ulizama. Bote bakafa. Mwalimu alilia, mama, mupaka tukaogopa. Alikuwa anashona, analia juu ya nguo za watu."

Nilimtazama Shangazi akisikiliza habari ya kifo chake mwenyewe. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na alichouliza mwishoni ni kimoja tu.

"Na yeye iko wapi?"

"Alikufa, mama. Pole. Homa. Alikuwa ameoa kule Lubondja, njo kule amelala. Bibi yake iko. Mashini alisema ibakie na miye, isilale."

Shangazi akasimama, akashukuru. Tulipokuwa tumeshafika mbali na baraza ile alisimama kando ya njia akasema, kwa hasira, kana kwamba anagombana na mtu aliye mbele yake, "Aliniambia anafunga tu mulango! Mulango tu! Kumbe anafungua mashini!" Kisha akalia. Nilimshika mkono.

Lubondja tulikwenda kwa miguu, na kundi la wanawake waliokuwa wakirudi kutoka sokoni. Walituonyesha nyumba: ndogo, safi, karanga zimeanikwa mbele yake. Mjane wa Lubunga aliitwa Riziki, mwanamke mwembamba, mdogo kwa Shangazi, mikono imejaa udongo wa shamba. Shangazi akasema tena kwamba ni ndugu wa marehemu, ametoka Kigoma. Riziki akapiga makofi kwa furaha, kwani tangu aolewe hakuwahi kuona ndugu hata mmoja wa mumewe. Akatukalisha kwenye mkeka ndani, akapangusa kiti kisichokuwa na vumbi, akaomba radhi kwa kutokuwa na kitoweo. Kisha akageuka kuelekea uani akaita kwa sauti:

"Apolina!"

"Nini?" akaitika Shangazi, kwa haraka, kama mtu yeyote anavyoitika jina lake.

Riziki akageuka. Na mlango wa uani ukafunguka, akaingia msichana mdogo asiye na meno ya mbele, amebeba bakuli la maji ya kunawa. Alitutazama, akamtazama mama yake, akasimama pale maji yakicheza bakulini.

"Nimeita mutoto," alisema Riziki polepole. "Na weye, mama… jina yako ni nani?"

"Apolina."

Riziki akamnyang'anya mtoto bakuli, akaliweka chini, akakaa sakafuni karibu nalo. "Alisema ulizama," alisema. "Alisema tumuite mutoto jina yako, ju haukukuwa na kaburi." Kisha akafunika uso kwa mikono yake yenye udongo. "Basi miye nililala na bwana ya muntu."

Nimefikiria mara nyingi Shangazi angeweza kufanya nini. Alikuwa na haki ya kila kitu: kupiga kelele, kudai, kuondoka. Alinyanyuka kwenye mkeka, magoti yakilia, akanawa mikono kwenye lile bakuli. Kisha akamshika Riziki mikono, akamnawisha na yeye, kidole kwa kidole, bila haraka. "Weye ulimuzika," alisema. "Miye sikumuzika. Simama unionyeshe."

Kaburi lilikuwa nyuma ya mihogo, limezungushiwa mawe. Walikwenda wawili. Mimi nilibaki na mtoto, ambaye aliniuliza kama Kigoma kuna magari, nikamwambia yapo. Kutoka kule nyuma tulisikia Shangazi akianza kuomboleza kwa Kibembe, na baada ya muda sauti ya pili ikajiunga.

Tuliporudi Baraka alikuwa mtu mwingine. Alifyeka matete upya, akachimba bila chekeche, na mawe ya msingi yalipopungua aliamuru vile vyuma vyote vimwagwe kwenye mtaro, bawaba, mbavu za mwavuli, kufuli na miguu ya cherehani, vikafukiwa na udongo ukashindiliwa juu. Nilimuuliza kama hatabakiza hata kimoja. "Nibakize cha nini? Nimeshabijua," alisema. Nyumba ikasimama. Kabla hatujaweka milango, Riziki alishuka na mtoto mkononi. Shule ya kwao ilikuwa imefungwa kwa ajili ya vurugu za milimani, akaomba binti yake asomee Baraka. Shangazi hakumwacha amalize maneno.

Hapo ndipo nilipopaswa kufurahi, na nilifurahi, kwa kiasi. Apolina mdogo alikuwa mtoto wa maswali. Baba alikuwa anapenda chakula gani? Alikuwa anaimba? Shangazi alikuwa na majibu ya maisha mazima ambayo hakuwahi kuyatumia, na jioni niliwasikia kitandani, katika chumba kipya kilichonuka udongo mbichi, wakimjenga Lubunga kati yao, mmoja akiuliza, mwingine akicheka kabla hajajibu. Kitanda kilikuwa cha watu wawili. Mimi nilihamia kwenye mkeka chumba cha mbele. Hakuna aliyenifukuza, nilihama kama maji yanavyosogea kikiingizwa kitu ndani ya ndoo. Nilikuwa mtoto wake kwa muda wa mwaka mmoja wa shida, na sasa mtoto wake amefika. Salamu zilipokuja kutoka kambini kwamba mjomba wangu wa Bukavu yuko tayari kunipokea nisome ualimu, nilimwambia Shangazi nikitumaini atasema ngoja kidogo. Alisema, "Mungu ni mukubwa. Wende usome," akanitafutia sanduku.

Lori la Uvira liliondoka asubuhi. Walinisindikiza wote wawili hadi barabarani. Mama Zaina alinipa ndagala wakavu kwenye karatasi, akaniambia nisijisahau. Shangazi alinikumbatia kwa nguvu, akaniombea, akanisukuma nipande. Nikapata nafasi upande wa nje, juu ya magunia, nikajigeuza kuwatazama. Gari lilipowaka nilinyoosha mkono nikapunga. Apolina mdogo alikuwa na sare mpya ya shule, na kifungo kimoja kilikuwa kimefunguka shingoni. Shangazi alikuwa ameinama mbele yake, anakifunga, akimwambia kitu ambacho mngurumo wa lori haukuniruhusu kusikia, na mtoto akainua kidevu ili amrahisishie kazi. Niliendelea kupunga hadi tulipopinda kona.